Barua ya wazi: Njia ya kujitembelea Gede ianzie ukuta wa nje

Kwa Msimamizi wa Magofu ya Gede,
Kaunti ya Kilifi.

Kwako Msimamizi,

Kwanza pokea hongera. Mji wa kale wa Gede kuingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024 si jambo dogo. Wageni wataongezeka, na wengi watapenda kutembea wenyewe kwa mwendo wao, ramani mkononi. Ndiyo maana naandika. Njia ya kujitembelea ikichorwa, naomba isianzie kwenye kasri.

Kasri lina mvuto wake, sikatai. Msikiti Mkuu pia, na zile nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Ushanga wa Venice na sarafu ya Uchina katikati ya msitu wa Kilifi, nani asingesimama? Lakini fahari hiyo karibu yote imo ndani ya ukuta wa ndani, uliozunguka ekari 18 hivi. Ukuta wa nje ulizunguka ekari 45. Katikati ya kuta hizo mbili ndiko waliko­ishi watu wa kawaida, katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba zao zilibomoka zikarudi ardhini, na mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kufukua mwaka 1948, kazi yake kubwa ilikuwa penye mawe. Basi mgeni anayepelekwa moja kwa moja kwenye mawe ataondoka akidhani Gede ulikuwa mji wa matajiri watupu.

Naomba aanzie nje. Avuke ukuta wa kwanza, apite msituni mahali ambapo macho hayaoni kitu, na hapo asimamishwe na kibao kimoja tu kinachomwambia kwamba amesimama mtaani. Pasipo kibao hicho ataona mizizi na kima, na kima wenyewe watakuwa wanatazama kama amebeba ndizi.

Akishaingia ndani, kibao kingine kiwe mlangoni pa chumba chochote cha nyumba ya mawe. Aambiwe atazame umbo lake: chumba kirefu, lakini chembamba mno kwa nyumba ya mtu mwenye mali. Fundi hakukosa nafasi wala ujuzi. Dari ilikuwa ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito kwelikweli, na ililazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake. Ukitaka chumba kipana zaidi, haifiki ukuta wa pili. Kwa hivyo upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa kule mikokoni, na aliyeingia topeni kuikata boriti hiyo huenda akarudi jioni kulala chini ya makuti. Mgeni aliyepitia nje kwanza atalielewa hilo bila kuelezwa sana.

Visima visisahauliwe, wala lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399.

Vibao viandikwe Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate. Visimame kwenye nguzo zake. Chokaa iliyovumilia karne zote hizi haihitaji misumari yetu.

Najua waelekezi watauliza riziki yao itakwenda wapi, na wana haki ya kuuliza. Mimi ningewapa wao kazi ya kutunga maneno ya vibao, kwa malipo, kisha maneno yenyewe yawe machache. Mistari minne au mitano inatosha. Atakayetaka kujua kwa nini mji uliachwa karne ya 17, na ubishi wote uliopo juu ya jambo hilo, amtafute mwelekezi amlipe. Kibao hakiwezi kujibu maswali, na nadhani wageni wengi watagundua hivyo kabla hawajafika msikitini.

Kabla ramani haijapelekwa kwa mpiga chapa, ninaomba sehemu ya katikati ya kuta itembewe na waelekezi pamoja na wazee wa vijiji jirani, wapime wapi panapitika wakati wa masika na wapi mguu wa mgeni utaangukia juu ya msingi wa ukuta. Nitashukuru kupata jibu, hata la mstari mmoja, kama sehemu hiyo imo kwenye mpango.

Wako mwaminifu,
Mpenda magofu, Malindi