Jumamosi tunatembea: Gyeongbokgung hadi Gwangjang

Ndugu zangu, hasa mliotua Seoul wiki hii, karibuni sana. Jumamosi tukutane saa 3:30 asubuhi kituo cha treni cha Gyeongbokgung, laini namba 3, mlango wa 5. Kasri la Gyeongbokgung lilijengwa 1395. Saa 4 kamili walinzi hubadilishana zamu kwa ngoma na bendera pale lango la Gwanghwamun, kwa hiyo msichelewe, inapendeza mno. Kiingilio won 3,000, ila aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, anaingia bure.

Kutoka hapo tutafuata kijito cha Cheonggyecheon kwa miguu. Juu yake palikuwa na barabara kuu ya magari. Ikabomolewa, na mwaka 2005 maji yakaanza tena kupita wazi katikati ya jiji. Mimi hukaa pale nikikumbuka nyumbani. Tutaishia soko la Gwangjang tule bindaetteok, chapati nene za choroko zinazokaangwa papo hapo. Msiokula nguruwe, tutauliza kwanza, maana wengine huichanganya humo.

Nunueni kadi ya T-money, ya kulipia nauli, na mwiwekee pesa kabisa. Kwenye basi, iguseni tena mnaposhuka. Mgeni asiyejua njia aniandikie leo usiku, nitampitia hosteli.