Barua ya wazi kwa Gavana wa Texas: andikeni sentensi moja tu kwenye pakiti

Mheshimiwa Gavana,

Shikamoo. Nimelelewa Tanga, siwezi kumlalamikia mkubwa kabla sijamwamkia. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Wewe una watu wa kukutafsiria. Madereva wetu wa malori hapa Dallas, Fort Worth na Houston hawana, na nataka wao wasome kwanza.

Juzi baba watoto wangu kapata barua: leseni yake ya trela imeshushwa daraja. Sasa anaruhusiwa gari dogo la nyumbani, basi. Kilichomponza ni peremende. Usicheke, Mheshimiwa. Peremende za jeli, kanunua sheli hapahapa Texas, mchana kweupe. Kadaiwa kitambulisho kama mwanafunzi wa sekondari, mtu wa miaka 48 na mvi zake, kaonyesha, kalipa na kodi ya mauzo juu yake, asilimia 8.25. Muuzaji kamwambia hii ni hempu, si bangi, halali kabisa, inaleta usingizi. Pakiti nayo inajisifu kwamba imetimiza sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018. Mtu katoka kuendesha usiku kucha, mgongo unawaka moto. Ulitaka asome nini zaidi?

Kampuni ikamwita kipimo cha kushtukiza. Mkojo ukakutwa na THC, ile kemikali ya bangi inayolevya. Daktari anayekagua majibu akampigia simu kumuuliza kama ana maelezo, naye akamsomea maandishi ya pakiti, neno kwa neno. Akaambiwa pakiti si cheti cha daktari. Na ni kweli, maana Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilishatangaza tangu Februari 2020 kwamba dereva hawezi kujitetea kwa kusema alitumia bidhaa za hempu. Maabara haiulizi THC imetoka kwenye mmea gani. Tangazo hilo lipo, kwa Kiingereza cha wanasheria, kwenye tovuti ya wizara. Kaunta ya sheli halipo.

Sheria inaita hempu ule mmea wa bangi ambao THC yake ya delta-9, ndiyo aina kuu ya THC, haizidi asilimia 0.3 ya uzito ukiwa mkavu. Ukisikia 0.3 unaona si kitu. Mimi kazi yangu ni kulea wazee usiku, miligramu nazijua. Jeli moja ya gramu 4, asilimia 0.3 yake ni miligramu 12. Asiyezoea akila hiyo analewa, tena vizuri. Lakini kwa hesabu ya sheria hajala bangi.

Nikukumbushe kidogo, maana najua una mambo mengi. Mei 2025 Bunge lako lilipitisha mswada wa SB 3, kupiga marufuku vitu hivi vyote vyenye THC. Naibu wako, Dan Patrick, ndiye aliyeupigania. Usiku wa tarehe 22 Juni ukaukataa, zikiwa zimebaki dakika chache kufika saa 6. Ukasema vidhibitiwe kama pombe. Mimi siku ile nilikusifia hapa nyumbani, nikasema mzee huyu ana busara. Ukaita vikao maalumu viwili, wabunge wakarudi makwao bila sheria. Septemba 10 ukatoa amri: asiuziwe aliye chini ya miaka 21. Ahsante sana. Watoto wamelindwa. Baba zao je?

Hiyo "kama pombe" ndiyo inayonikera hadi leo. Dereva akinywa bia Jumamosi, Jumatatu anapimwa na hana kitu. Peremende yenu inakaa kwenye mkojo siku nyingi, kwa wengine wiki, wakati ulevi wenyewe uliisha usiku uleule. Mnazidhibiti vipi kama pombe wakati kipimo hakizihesabu kama pombe?

Na baba watoto njia yake ni barabara kuu ya I-30. Ukifika Texarkana, mji mmoja, barabara moja ya State Line inaugawa: upande wetu jeli ziko kaunta, upande wa Arkansas ni marufuku kwa sheria yao ya mwaka 2023. Kuvuka taa za barabarani tu, bwana. Lori linatembea kila jimbo, pakiti inajua Texas peke yake.

Mimi nahisi mnaziacha ziuzwe kwa sababu ya kodi. Sina ushahidi, nahisi tu. Desemba 2025 idara ya afya ya jimbo ilipendekeza ada ya duka kwa mwaka ipande kutoka dola 150 na ushee hadi 20,000. Mkifika kwenye ada mnajua kuhesabu mpaka senti. Na wabunge wa Washington wamesema mwisho wa THC ni miligramu 0.4 kwa pakiti nzima, ila waliipitisha Novemba 2025 ianze kufanya kazi Novemba 2026. Mwaka mzima wa kumaliza stoo! Sisi nani alitupa mwaka?

Lori lina mkopo. Limesimama yadi, na yadi nayo inalipiwa. Mtaalamu wa kumtathmini, ambaye bila yeye hagusi usukani, anataka mamia ya dola kutoka mfukoni. Akishamaliza kuna kipimo cha kurudi kazini, halafu vingine visivyopungua sita ndani ya mwaka, na jina linakaa kwenye daftari la serikali kuu miaka 5 au zaidi. Kampuni ipi itamchukua? Mimi nimeongeza zamu, silali. Wa Tanga wanapiga simu ada ya shule imefika wapi, nawaambia mtandao unasumbua.

Siombi mpige marufuku. Siombi mruhusu. Sitaki hata fidia, ingawa mngekuwa watu wa haya mngeitaja wenyewe. Naomba sentensi moja kwenye kila pakiti inayouzwa Texas, kwa herufi kubwa, mbele, si nyuma chini ya picha ya matunda: UKILA HII UTAFELI KIPIMO CHA DAWA ZA KULEVYA KAZINI. Iwepo na kwa Kihispania, na kama wino utabaki, kwa Kiswahili, nitawatafsiria bure.

Uliweza kuagiza vitambulisho kwa amri ya siku moja. Agiza na hili, Mheshimiwa. Sentensi moja.

Mama watoto wa dereva,
Arlington, Texas