Mheshimiwa Waziri, ndege za vita zinaishia kwenye sufuria

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani, Kinshasa

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Lubumbashi. Nakuandikia kuhusu mabaki ya ndege za vita katika milima na mapori ya Katanga. Sikuombi helikopta wala bajeti ya msafara. Naomba amri moja fupi.

Kiangazi kilichopita nilisimama kwa fundi wa sufuria karibu na soko la komini Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mbele ya tanuru lake kulikuwa na kipande cha alumini, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kimepinda kidogo, ribiti zimepangwa karibu karibu kwa mistari miwili. Upande wa ndani bado kilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Gari haliundwi hivyo, na fundi mwenyewe alilijua hilo. Aliniambia kimeshuka kutoka upande wa Kundelungu juu ya baiskeli, katikati ya magunia ya makala, yaani mkaa, kikapitia kwa mnunuzi wa mitraille, yaani vyuma chakavu. Na kibao chenye namba? Kilikuwepo, akasema, kidogo tu, kimekwisha kuingia motoni. Alumini ni alumini. Jioni yake ilikuwa sufuria, na simlaumu: ana watoto, na wateja wanataka sufuria nzito.

Lakini kibao kile ndicho kilichokuwa na jibu. Anga yetu imepita vita vingi, Mheshimiwa. Kati ya 1960 na 1963, wakati wa Katanga ya Tshombe iliyojitenga na Kongo, ziliruka hapa ndege zake za Fouga Magister kutoka Kolwezi, na Umoja wa Mataifa ukaleta ndege za J 29 za Sweden, Canberra za India na F-86 za Ethiopia. Vikaja vita vya Shaba, jina la Katanga wakati ule, mwaka 1977 na 1978, kisha vile vya 1998 vilivyofika mpaka Pweto. Mtu akiokota bawa porini leo, umbo lake peke yake halitoshi kumwambia ni la vita gani. Namba ya injini au ya kiwiliwili inatosha: kwa namba hiyo unafika kwenye daftari la kikosi, kutoka hapo kwenye jina la rubani, na mwisho kwenye mlango wa familia. Rubani angalau huwa ameandikwa mahali fulani. Askari aliyepakiwa nyuma pamoja na masanduku ya risasi, mara nyingi hana karatasi yoyote.

Wengine wametutangulia katika kazi hii. Kati ya 1942 na 1945 Wamarekani walipoteza ndege mamia katika njia ya mizigo ya Assam hadi Kunming, juu ya milima ya Himalaya. Zile zilizopatikana miaka mingi baadaye upande wa Arunachal Pradesh, India, watafutaji waliongozwa na wawindaji wa vijiji, watu waliokuwa wanajua tangu zamani kwamba bonde fulani lina chuma. India nayo ilipoteza ndege ya jeshi aina ya An-12 tarehe 7 Februari 1968, ikiwa na watu 102, njiani kutoka Chandigarh kwenda Leh. Wapanda milima walikuta mabaki mwaka 2003. Mwaka 2024 barafu ilikuwa bado inarudisha miili, na jeshi likaipeleka kwa ndugu zao. Miaka 56! Hakuna aliyesema muda umepita.

Sisi hatuna barafu ya kututunzia. Tuna moto wa nyika, mizizi, na bei ya kilo.

Tuna pia woga, na hapa ndipo penye kazi yako hasa. Tazama Ndola, kwa jirani zetu wa Zambia. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka kilomita zipatazo 15 tu kutoka uwanjani. Haikuwa ya kijeshi, lakini safari yake ilikuwa ya vita vyetu. Wachoma makala waliyaona mabaki mapema. Serikali ya wakoloni ikatangaza kuyapata alasiri. Wachoma makala watatu walifungwa kwa kuchukua mashine ya kuandikia siri, na ushahidi wa Waafrika waliosema wameona ndege nyingine angani ukawekwa kando. Ilibidi zipite zaidi ya miaka hamsini ndipo Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, aupe uzito unaostahili.

Mwanakijiji wa Mitwaba au wa Kasenga akileta habari ya ndege leo, swali la kwanza ni lile lile: ulikwenda kutafuta nini kule? Ndani ya hifadhi ya Upemba au ya Kundelungu swali hilo linaweza kumlaza ndani. Basi ananyamaza, anauza kwa kilo.

Amri ninayoiomba iseme hivi: anayetoa habari za mabaki ya ndege asikamatwe kwa sababu ya kutoa habari, mnunuzi wa mitraille asipokee kipande cha ndege kabla namba zake hazijapigwa picha na kuandikwa katika daftari la teritware (wilaya), mifupa na risasi visiguswe mpaka jeshi lifike. Walinzi wa hifadhi wapewe daftari hilo hilo, maana wao hupita kusikopita gari. Na anayeleta kibao alipwe kitu, hata kama ni bei ya kilo tano za alumini. Bila hicho, tanuru litashinda kila mara.

Kuanzia Julai moto unasafisha nyasi za nyanda za juu, na chuma kinaonekana kwa mbali. Wanunuzi wanalijua hilo, ndiyo maana baiskeli zao hupanda wakati huo. Ingefaa amri iwe imefika kwa wasimamizi wa teritware kabla ya Juni.

Wako mtiifu,
Mkaaji wa komini Katuba, Lubumbashi