Mdogo wangu, nauli nimetuma

Mdogo wangu, meseji yako nimeisoma mara tatu hapa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nimekaa juu ya gunia la dagaa, na sikukujibu siku ile ile sio kwamba nimekasirika, nlikuwa sijui nianzie wapi. Unasema Ukerewe umechoka, unataka uunganishe moja kwa moja mpaka Dar, afu mwishoni unaniomba msamaha. Msamaha wa nini sasa?

Watu wa nyumbani watasema umekikimbia kisiwa, waache waseme. Mi naona hela ya ziwa ndo ilitangulia kuondoka, we unaifuata tu. Unamkumbuka yule sangara mkubwa mliyemvua na baba? Wakala akamweka kwenye mzani, akataja bei ya kilo, akampasua pale pale mbele yenu, akalitoa bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, akalifunga kwenye kimfuko chake kimya kimya. Baba hakuuliza kitu maana alikuwa anawaza deni la mafuta. Mi bei ya bondo nimekuja kuijua niko mjini tayari, nikajua linaenda mpaka China huko na kwamba lile moja lingeweza kuzidi hela yote aliyolipwa baba kwa samaki mzima, na siku hiyo sikula. Minofu nayo inaenda Ulaya. Kila mkono samaki anaopita unachukua chake, wa kwanza uliolowa maji usiku kucha ndo unapata kidogo kuliko yote, inaniuma sana hii.

Na dagaa je? Mnavua giza lote na taa zenu za sola, asubuhi mnaanika mchangani, mvua inanyesha saa nane mchana, basi, wanageuka chakula cha kuku. Wale wakikauka vizuri hapa Mwaloni wanagombaniwa na Wakongo kwa hela nzuri tu. Tofauti ni chanja na turubai! Sio kwamba watu wa visiwani ni wavivu, naomba nisisikie mtu ananiambia hivyo tena. Wangewekewa chanja, barafu na mkopo usionyonga, leo ningekuwa nakubembeleza ubaki.

Ila mjini napo usije na picha ya kwenye simu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.6 mkoa wetu wa Mwanza, tunaifuata Dar yenye milioni 5.3, na wengi hapa ni kama mimi, wametoka visiwani, Sengerema, Mara, Kagera. Ndo maana naishi mlimani Mabatini, ukipanda juu kodi inashuka, na ndoo ya maji naipandisha kichwani kwenye mawe yale kila jioni. Kile kiwanda cha minofu nilichofanyia kibarua kilitupunguza siku moja bila barua, samaki wamepungua wakasema.

Mwaka jana nilienda Sengerema kufuata mzigo nikapita lile daraja jipya la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Zamani pale tulikuwa tunakaa kwenye foleni ya kivuko mpaka mtoto analala mgongoni. Nililishukuru kwa kweli, ila wakati wa kurudi basi limejaa vijana wa umri wako, kila mmoja na begi lake, wanakuja huku, na nikawa najiuliza kule shamba la pamba wamemwachia nani. Nikakuwaza wewe.

Kwahiyo nauli nimeituma kwenye namba ya mama. Ukishuka kwenye meli usichukue boda, nakuja mwenyewe kukupokea, unalala kwangu siku mbili, tunakula sato, afu nakusindikiza Nyegezi stendi kupanda basi. Na mwambie mama asikufungie dagaa, huku wapo, akufungie udaga, ule wa muhogo.