Mwanangu, ile stika kaibandika nani?

Assalaam alaikum mwanangu,

Nimekutumia voisi mbili tangu Ijumaa, zote zina tiki za buluu na jawabu sijaipata, ndo maana leo nimechukua simu ya mdogo wako nakaa naandika. Sisi hatujambo. Bibi yako presha imeshuka kidogo, ntakueleza mbele huko.

Ile picha ulotuma ya zile juisi. Mwanzo nlifurahi wallahi, baada ya laasiri nikenda nayo barazani nikawaonesha wenzangu, nikawaambia hii kapanga mwanangu peke yake tangu chini mpaka juu, hebu tazameni paketi zote zinavotazama mlangoni, hakuna ilopinda hata moja. Mmoja akauliza kwani duka lile la kwake? Nikamueleza kama ulivonieleza weye, kwamba hukuajiriwa na duka, umeajiriwa na wakala wa juisi, kwa siku unazunguka maduka manne, Mlandege, Amani, mpaka Fuoni huko, kila duka unapanga mali ya wakala wenu, unahesabu zilobaki stoo, unabandika bei, unapiga picha unamtumia supavaiza ndo ajue umefika. Wakakusifu sana. Mzee mmoja kasema kumbe vile vitu havijipangi.

Usiku nikaifungua tena ile picha nikaikuza. Safu ya juu kabisa, paketi mbili za kushoto stika ya ofa iko ubavuni. Kuanzia ya tatu mpaka mwisho wa safu stika imekaa juu, pale pale kwenye pembe inapoandikwa tarehe. Mwanangu, stika ile kaibandika nani?

Sisemi umefanya weye. Nauliza. Nlikuuliza kwenye voisi ya mwanzo, nikakuuliza kwenye ya pili, na mtu asokuwa na neno hujibu upesi, weye nakujua tangu ile habari ya madrasa.

Hii ya kuweka mbele mali inayokaribia muda naijua, ndo kazi yenyewe, mpya unaitia nyuma ya zamani unaivuta mbele ili iwahi kuuzwa. Hapo huna kosa. Lakini inayokaribia muda ni ya kuuza, hata ukiipunguza bei ukaiandikia ofa ni halali yako, mteja anaiona tarehe mwenyewe anaamua. Ilopita muda hiyo si ya rafuni tena, inatolewa, inaandikwa, inawekwa mbali na nzuri stoo mpaka waje kuichukua. Sasa kama zile hazijapita, tarehe inafichwa ya nini?

Najua mambo yanavokwenda, usidhani sijui. Ramadhani ikikaribia wakala anasukuma mzigo mkubwa, supavaiza ana tageti yake, meneja wa duka anasaini kwa sababu kaahidiwa zitakazobaki zitarudishwa, kisha zinabaki na hakuna anaezitaka, wakala anasema muda wa kurudisha umepita, duka linasema tuondosheeni mali yenu, na alosimama baina ya stoo na rafu ni weye na fulana yao. Na umenambia mwenyewe mwezi wa mwanzo walikukata pesa za paketi zilopasuka kwenye gari hata hujazigusa. Mtu alokatwa mara moja anaogopa asikatwe tena, hapo ndo pananikosesha usingizi. Watu wa ZFDA, wale wakaguzi wa chakula na dawa wa Zanzibar, wakiingia dukani wanashika paketi wanatafuta tarehe, na kabla ya Ramadhani macho yao huwa kwenye vyakula khasa. Wakikuta imefunikwa, yule alokupigia simu akakwambia funika hatokuwepo pale.

Kwa hiyo akikwambia kwa mdomo, mwambie naomba niandikie kwenye WhatsApp nisije nikasahau, kwa adabu tu. Atakaa kimya, utaona. Na kila unapoingia dukani andika kwenye kidaftari chako, duka gani, paketi ngapi, tarehe zake zipi, nani ulimwambia zimepita na saa ngapi. Usitie saini mzigo kabla hujafungua katoni ukasoma, hata dereva akipiga honi. Nlikununulia madaftari mawili wakati unaondoka, moja liko hapa kabatini umelisahau.

Mie nnakwambia haya kwa sababu nlikuwepo Mjini ule wakati umeme ulipokatika, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, ule waya wa umeme wa baharini unaotoka Bara uliharibika, Unguja nzima ikawa kiza. Weye ulikuwa mdogo uko huku Wete. Nlikuwa nafanya kazi dukani, tulikuwa na mafriza matatu ya kuku, na jenereta likiwashwa jioni tu kwa sababu dizeli ghali. Asubuhi nikifungua maji yanachuruzika, jioni wanaganda tena, asubuhi tena maji. Tajiri alinambia wapange wa juu wawe wale wenye barafu nzuri, nikapanga. Nlikuwa najua kupanga mie, hata tajiri akinisifu mbele ya watu. Kuna mama mmoja alirudi na mfuko wake, akaufungua juu ya kaunta, harufu ikajaa duka. Nikamwambia labda friji la kwako mama. Akanitazama. Hakusema kitu, akaufunga mfuko wake akatoka, na mtoto wake kamshika mkono anageuka nyuma kunitazama. Ulikuwa mdogo kama yule.

Basi. Mamako hiyo hajui, wala usimwambie.

Huku Pemba mwaka huo huo 2010 ndo tukaungiwa umeme wa Tanga, nikarudi nyumbani nikasema dukani basi, na ndo ikawa ile biashara ya karafuu unayoijua ilivokwenda.

Kazi yako si ndogo, nataka ulielewe hilo. Wako watu huku wanasema ati kasoma diploma kenda kupanga maboksi, shangazi yako mmoja wapo, na mie nlinyamaza siku ile ulipokuwa unalia na sikutakiwa kunyamaza. Mtu anaingia dukani na elfu tano yake, hana pa kumuuliza mtu, anachokiamini ni ile rafu. Anaamini aloipanga kasoma kabla yake.

Kuhusu kiuno, mamako anasema kata ile tabia ya kubeba katoni mbili mbili ili uwahi gari ya Fuoni. Moja moja, piga magoti usiiname. Viatu vile bapa nilikwambia havifai kwa mtu wa kusimama kutwa hukusikia, sasa unalalamika nyayo. Nunua vyengine mwisho wa mwezi, usitume pesa ya huku mwezi huu, tutajua wenyewe. Na uulize kama jina lako limeingia ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, usiridhike kwa kuambiwa litaingia, nenda mwenyewe ofisini kwao ukaulize. Nauli pia, miezi mitatu unalipa mfukoni kwenda maduka manne, hiyo nauli ni ya kazi si ya kwako.

Bibi yako dawa anakunywa lakini anakula chumvi kwa siri, mdogo wako kamkuta na embe bichi. Anakuulizia kila siku, mpigie, hata dakika mbili. Bati la jikoni limetoboka pale pale tulipoziba, fundi anataka elfu arubaini nimemwambia asubiri. Friza la mamako la kuuzia barafu linaganda upande mmoja, na umeme ukikatika yeye kazi kulifungua kutazama kama vimeyeyuka, nimemkataza mpaka nimechoka, akilifungua ndo baridi inatoka. Juzi nimemwaga samaki wote walokuwemo, kanuna mpaka leo, na sikuweza kumueleza kwa nini nimekuwa mkali vile.

Kesho asubuhi kabla hujaanza kazi, pita pale dukani, bandua stika moja tu. Usome. Kisha unitumie picha ya hiyo tarehe, sitaki maelezo nataka picha. Ikiwa iko mbele, alhamdulillahi, ntakuomba radhi mie babako na ntairudisha picha yako barazani. Ikiwa imepita, usibandike tena, zitoe zote mpeleke meneja, kisha nipigie saa yoyote hata usiku, wakikufukuza nyumbani kupo na nauli ya boti ninayo.

Keshokutwa kuna jirani anashuka na boti ya Mkoani, ntampa ndoo ya kijani, umsubiri Malindi usimcheleweshe ana mgonjwa. Ndani mtakuwa na ndizi, muhogo, daftari lako, na samaki wa kukaanga atawatia mamako kwenye karatasi. Watakaangwa kesho usiku. Uwale siku hiyo hiyo utakapowapokea, watakaobaki wape wenzio unaolala nao, usiwaweke.

Babako