YAH: Buli la udongo linalotoa ladha ya udongo na rangi

Dar es Salaam,
10 Juni 2024

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 18 Mei nilinunua dukani kwenu buli dogo jekundu la Kichina kwa shilingi 145,000. Kwenye boksi mmeandika kwamba ni udongo wa zisha kutoka Yixing. Nilisoma miaka minne Nanjing, mkoa huohuo wa Jiangsu ilipo Yixing, na chai ya mabuli ya namna hii nimeinywa sana. Najua hayana utando wa kung'aa kama wa vikombe, kwa hiyo chai inagusana na udongo wenyewe. Najua pia kwamba buli jipya hunukia udongo. Hilo silalamikii.

Nililiandaa kama nilivyofundishwa kulekule. Nilitoa vumbi kwa brashi laini, nikatandika kitambaa chini ya sufuria lisigonge, nikalitia pamoja na kifuniko chake kwenye maji baridi, nikachemsha kwa moto mdogo saa nzima. Maji yakawa mekundu. Nikasema ni vumbi la kiwandani. Siku ya pili nikachemsha tena na majani ya chai ya Kichina ya oolong, nikaliacha humo usiku kucha. Siku ya tatu, maji matupu: mekundu vilevile.

Sasa ni wiki tatu. Jana Jumapili nilimimina maji ya birika moja kwenye buli na kwenye glasi, nikasubiri dakika tano, nikampa mama aonje bila kumwambia yapi ni yapi. Ya buli akayajua mara moja: "Haya ya mtungini." Maji ya mtungi mpya tunayapenda nyumbani, lakini sikutoa 145,000 kununua mtungi.

Nikifuta ndani kwa kitambaa cheupe, kinatoka na wekundu. Wekundu wa zisha unatokana na chuma kilichomo kwenye udongo. Ukichomwa sawasawa, zaidi ya nyuzi 1,100, hautoki kwa kitambaa. Ama hili halikuiva tanuruni, ama limetiwa rangi.

Kilichonikera zaidi ni simu. Kijana wenu aliniambia nilisugue kwa sabuni ya vyombo. Buli la namna hii hunywa kila kinachotiwa ndani, sabuni nayo ikiwemo. Ningemsikiliza, leo ningekuwa nakunywa udongo wenye povu, nanyi mngenijibu kwamba nimeliharibu mwenyewe.

Naomba nirudishiwe fedha zangu zote ndani ya siku 14, na mwache kuwapa wateja ushauri huo wa sabuni. La sivyo nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani. Risiti ninayo, na maji ya mchemsho wa tatu nimeyahifadhi kwenye chupa. Nitakuja nayo.

Mteja wenu,
(sahihi)