Si kila anayenajisi mtoto ni mgonjwa

Mhariri,

Kila kesi ya mtoto kunajisiwa inapozuka hapa Tanga, barazani husemwa, "Yule ni mgonjwa tu." Kauli hiyo inanikera, maana inawaficha wengi.

Wanapochunguza mtu anavutiwa kimapenzi na nani, wataalamu hutazama zaidi makuzi ya mwili wa yule anayemvutia kuliko hesabu ya miaka yake. Wanaume wengi huvutiwa na watu wazima. Wachache huvutiwa na watoto ambao hawajabalehe. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka, kabla ya kuiita ugonjwa, hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 6, na mhusika awe na miaka 16 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 5. Lakini tafiti zinaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya wanaowadhuru watoto hawana mvuto huo. Wana nafasi, wana mamlaka, na wanajua mtoto hatasema. Ndiyo maana anaweza kuwa mjomba, mwalimu wa tuisheni, au jirani anayemtuma binti dukani na kumwambia chenji abaki nayo.

Mwenye mvuto huo na hajamgusa mtoto aende kwa daktari wa akili mapema. Aliyetenda ni mhalifu, awe mgonjwa au mzima. Na msituambie binti wa darasa la sita "karidhia". Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haikitambui kisingizio hicho.

Wazazi wenzangu wa Makorora na Ngamiani, acheni kuyamaliza nyumbani kwa bahasha. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, ni bure.

Mama mzazi,
Makorora, Tanga